Vichuguu vya Luano na Milinganyo Iliyozidi

Luano wengi tunaijua kwa sababu ya ndege. Ndiko kiliko kiwanja cha ndege cha Lubumbashi. Ndiko Patrice Lumumba alikoshushwa tarehe 17 Januari 1961, saa chache kabla ya kuuawa. Ndiko pia kituo cha hali ya hewa ambacho mvua yake huandikwa vitabuni kana kwamba ni mvua ya mji mzima. Lakini ukiiacha lami ukaingia upande wa pori, au upande wa kile ambacho wachoma makaa wamekibakiza, unakutana na majengo ya zamani kuliko kiwanja na kuliko mji wenyewe. Vichuguu. Wala si vile vya kufika gotini vinavyochomoza kando ya shamba la mahindi. Hivi vya Katanga ya Juu, kazi ya mchwa wa aina ya Macrotermes falciger, hupanda mita 5, vingine hadi 8, na vitako vyake huweza kufika mita 15 toka ukingo hadi ukingo. Udongo wake una mfinyanzi na chokaa zaidi kuliko ardhi nyekundu inayovizunguka, kwa hiyo juu yake huota miti ambayo hatua ishirini kando huioni, na mkulima anayelijua hilo hupenda kulima ubavuni mwake.

Tuchukue hekta moja. Waliovihesabu wanasema misitu ya miombo ya huku ina vichuguu vikubwa 3 hadi 5 kwa kila hekta. Tushike 3, ili tusilaumiwe kwa kuzidisha. Kichuguu chenye umbo la pia, urefu mita 5 na upana mita 15, kina mita za ujazo zipatazo 295. Vitatu ni kama 885. Vibomoe, utandaze udongo wake sawasawa juu ya hekta nzima, na utapata tabaka la karibu sentimita 9. Yaani sentimita tisa za nchi nzima zimepandishwa juu, tonge kwa tonge, mdomoni mwa mdudu wa milimita chache. Hesabu hiyo mtoto wa sekondari anaiweza. Naitaja kwa sababu katika habari hii yote ndiyo hesabu ya mwisho isiyo na ubishi.

Ubishi unaanza ukiuliza kwa nini kichuguu hiki kiko hapa na kile kiko pale. Mwaka 1954 Wamarekani wawili, Philip Clark na Francis Evans, walitoa kipimo ambacho wanaikolojia wanakitumia mpaka leo. Nenda kwenye kila kichuguu, pima umbali hadi kwa jirani wa karibu zaidi, tafuta wastani, kisha ulinganishe na wastani ambao ungeupata kama vichuguu vingeangukia popote bila kujuana. Kwa vichuguu 3 kwa hekta, kutojuana kunatoa mita 29 hivi. Kama vingepangwa kwa ukamilifu, kila kimoja kikizungukwa na majirani sita walio mbali sawasawa, ingekuwa mita 62. Basile Mujinya wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha mwaka 2014 vipimo vya vichuguu vya Katanga ya Juu, na picha waliyoitoa si ya vitu vilivyotupwa ovyo: vichuguu hivi vina namna ya kupeana nafasi. Maelezo yaliyopewa uzito ni ushindani. Kundi moja la mchwa linachuma majani makavu na vijiti katika eneo lake, na kundi jingine likijaribu kuanza karibu mno, linakufa njaa au linauawa.

Mwanahisabati akisikia neno "kupeana nafasi" anasogeza kiti karibu na meza, kwa sababu hapo ana mlinganyo tayari. Alan Turing, yule yule wa kompyuta, alichapisha mwaka 1952 makala kuhusu jinsi kiinitete kisicho na alama yoyote kinavyojipatia madoa na mistari. Wazo lake linahitaji vitu viwili tu: kimoja kinachojichochea chenyewe na kuenea polepole, kingine kinachokizuia na kuenea haraka. Viweke katika uwanja mtupu, tikisa kidogo, na baada ya muda uwanja unajaa madoa yaliyoachana kwa umbali unaokaribiana. Hakuna aliyekwenda na kamba kupima. Umbali wa doa hadi doa unatoka ndani ya mlinganyo wenyewe, katika uwiano wa kasi mbili za kuenea. Kwa mchwa ni rahisi kulitafsiri: kundi linajikuza karibu na kiota chake, na njaa inayosababishwa na wachumaji wake inafika mbali kuliko kiota. Kati ya mawazo ya karne iliyopita, mimi naliweka hili karibu na la kwanza kwa uzuri. Uzuri huo ndio unaonitia wasiwasi.

Twende Namibia kidogo. Huko, katika nyasi za ukingo wa jangwa, kuna maelfu ya duara za mchanga mtupu, zimepangika hivi kwamba ukiziona kutoka juu unadhani kuna mtu aliyezichora. Mwaka 2013 mtafiti Norbert Jürgens alisema ni kazi ya mchwa wa mchangani wanaokula mizizi. Wengine, Stephan Getzin akiwa mstari wa mbele, walisema mchwa hawahusiki: ni nyasi zenyewe zinazogombea maji, kwa hesabu za ukoo wa Turing. Kila upande ulikuwa na mlinganyo, na kila mlinganyo ulitoa duara. Mwaka 2017 Corina Tarnita na wenzake wakaonyesha kwamba makundi ya mchwa yanayoshindana yanaweza peke yake kuzaa mpangilio wa pembe sita, kwamba mimea nayo ina mpangilio wake wa kipimo kidogo zaidi, na kwamba vyote viwili vinaweza kufanya kazi kwa pamoja mahali pamoja. Ilikuwa suluhu ya kistaarabu. Haikuumaliza ugomvi.

Watu hudhani hisabati inashindwa mbele ya uhai kwa kuwa uhai ni mgumu mno na milinganyo ni michache. Mimi naona kinyume chake: milinganyo imezidi. Kwenye sayari, ukikosea sheria, sayari haitakuwa mahali ulipoitabiri na darubini itakuumbua usiku huohuo. Kwenye viumbe, unaweza kuweka ndani ya hesabu kisababishi ambacho hakipo kabisa duniani, na bado ukapata umbo sahihi.

Si kauli ya kutisha watu tu. Imekwisha kutokea, na imetokea kwa mchwa. Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé, aliyekuwa amewatazama mchwa wa Afrika kwa miaka mingi, alitoa maelezo ya jinsi maelfu ya vipofu wanavyojenga bila msimamizi. Hakuna anayeamuru. Tonge lililokwisha kuwekwa ndilo linalomwita mwenye tonge jingine aliweke hapo hapo. Kazi yenyewe ndiyo inayoelekeza kazi. Mwaka 1977 Jean-Louis Deneubourg wa Brussels, katika mazingira ya Ilya Prigogine aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka huohuo, aliligeuza wazo hilo kuwa hesabu. Akasema kila tonge limechanganywa na harufu fulani, feromoni; harufu inaenea hewani na kuyeyuka; mchwa wanavutwa kwenye harufu nzito zaidi na kutua tonge hapo. Ukiziendesha hesabu hizo, nguzo zinainuka kutoka katika uwanja tambarare, zikiwa zimeachana kwa nafasi, kama zilivyo nguzo halisi. Ikawa mfano wa kufundishia, ikaingia katika vitabu, ikawafikia hata wanaotengeneza roboti.

Sasa feromoni hiyo iko wapi? Imepita miongo na bado haijawekwa wazi chupani ili wote waikubali. Majaribio ya miaka ya karibuni yameelekeza kidole kwingine. Wengine wanaona mchwa wanafuata mpindo wa uso wa udongo, wakipenda kuweka tonge mahali palipochongoka. Wengine wanaona wanafuata unyevu, kwa kuwa udongo hukauka haraka zaidi mahali palipochongoka zaidi. Na hizi hesabu mpya, zisizo na harufu ndani yake, nazo zinainua nguzo. Deneubourg hakusema uongo. Alichoonyesha ni kwamba kichocheo chochote chenye tabia fulani kingetosha, na hilo ni jambo kubwa kulijua. Lakini msomaji aliyefunga kitabu akiamini amefundishwa jinsi mchwa wanavyofanya alikuwa amefundishwa jinsi ambavyo wangeweza kufanya.

Habari ya hewa ndani ya kichuguu nayo ni ya mtindo huohuo, nitaipita haraka. Mwaka 1961 mtafiti Martin Lüscher alieleza kwamba joto la kundi linapandisha hewa katikati ya kichuguu na kuishusha kando, hivyo kundi linapumua. Scott Turner akaja kupima kwa gesi za kufuatilia huko Namibia, akakuta mzunguko huo safi haupo kama ulivyochorwa, akazungumzia upepo na misukosuko yake. Mwaka 2015 Hunter King, Samuel Ocko na L. Mahadevan, wakipima vichuguu vya aina nyingine nchini India, walikuta kinachosukuma hewa ni tofauti ya joto la mchana na usiku. Huenda kila mmoja ana haki yake kwa aina yake na kwa nchi yake. Wakati huo huo, mjini Harare, jengo la Eastgate lililokamilika mwaka 1996 chini ya msanifu Mick Pearce, aliyechochewa na mawazo ya wakati wa Lüscher, linaendelea kuwapoza wapangaji wake. Nadharia inaweza kuyumba na jengo likasimama. Wahandisi hawaoni ajabu katika hilo.

Turudi Katanga, maana hapa kuna tatizo ambalo Namibia na India hazinalo kwa ukubwa huu. Ni umri. Mwaka 2015 watafiti, Mujinya akiwamo, walichapisha vipimo vya kaboni-14 vya vichuguu vya Macrotermes falciger katika miombo ya Katanga. Kimojawapo kilizidi miaka 2000. Tafakari urefu huo kwa vipimo vya nchi hii. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910. Makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale, yale ambayo wachimbuaji waliyafungua mwaka 1957 na 1958 na kukuta misalaba ya shaba na vyungu vya ufundi wa hali ya juu, mengi yake ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Kichuguu hicho kilikuwa kimekwisha kusimama karne kadhaa kabla ya mfinyanzi wa kwanza wa Sanga kuloweka udongo wake.

Hakuna malkia wa mchwa anayeishi miaka elfu mbili. Maana yake kichuguu si nyumba ya kundi moja. Ni kiwanja kinachorithiwa: kundi linakufa, mahali panakaa ukiwa kwa miaka isiyojulikana, kundi jingine linahamia, linaongeza vyumba, linakufa. Mvua inakimega, mwingine anakiziba. Na hapo mlinganyo wa ushindani unapata doa baya. Sisi tunapima leo umbali kati ya vichuguu na kusema: makundi haya yanashindana kwa kiasi hiki. Lakini nafasi hizo hazikupangwa na makundi ya leo. Huenda zilipangwa na makundi yaliyokufa zamani sana, katika nchi yenye mvua nyingine na miti mingine, na waliopo wamepanga tu katika majengo waliyoyakuta. Mpangilio tunaoupima unaweza kuwa kumbukumbu ya vita ambavyo vilikwisha. Mlinganyo wa Turing hauna mahali pa kuweka jambo hilo kwa urahisi, kwa sababu unadhani uwanja ulioko mbele yako ni matokeo ya nguvu zilizoko mbele yako.

Hilo, nadhani, ndilo gumu lenyewe. Jiwe linaloanguka Luano leo linaanguka kama lililoanguka enzi za Sanga. Lakini kiumbe anajenga mazingira yake, mazingira hayo yanakaa muda mrefu kuliko yeye, na wajukuu wanatii kuta ambazo hawakuzijenga. Sheria na historia zinakuwa kitu kimoja. Unaweza kuandika milinganyo yenye kumbukumbu, na wapo wanaoiandika, lakini kila kumbukumbu unayoiongeza inadai vigezo vipya, na kila kigezo kipya kinazidisha njia za kupata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Kuna ugumu wa pili, na huu kila mtoto wa Lubumbashi ameula. Mvua za kwanza za msimu zikishanyesha, jioni tulivu, vichuguu vinafunguka na kumbikumbi wanatoka kwa wingi. Wabemba wanawaita inswa. Taa zinawashwa, mabeseni ya maji yanatandazwa chini, na kesho yake wanauzwa sokoni wakiwa wamekaangwa. Ndege wanakula, vyura wanakula, siafu wanakula, sisi tunakula. Sasa piga hesabu. Ikiwa idadi ya makundi ya mchwa haiongezeki wala haipungui, basi kila kundi, kati ya kumbikumbi wote linaowarusha maishani mwake, linaacha kwa wastani mrithi mmoja tu, mfalme na malkia. Tuseme, kwa mfano wa kufanyia hesabu, kundi linarusha kumbikumbi 10,000 kwa mwaka kwa miaka 20. Hao ni 200,000, na wanaofaulu ni wawili. Nafasi ya kila mmoja ni 1 katika 100,000.

Nafasi hiyo ikipanda hadi 1.2 katika 100,000, kwa sababu vyura wamepungua, makundi yataongezeka mara sita baada ya vizazi kumi. Ikishuka kwa kiasi hichohicho, vichuguu vitaanza kubaki vitupu. Mustakabali wote wa miombo, kwa upande wa mchwa, unaning'inia kwenye tofauti kati ya 1 na 1.2. Na ili uitofautishe 1 na 1.2 kwa uhakika unaokubalika katika takwimu, ungelazimika kuwafuatilia kumbikumbi kama milioni kumi, mmoja mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye mdomo wa chura. Namba inayoamua kila kitu ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo isiyopimika. Hapa kompyuta haikusaidii. Itachukua makisio yako ya 1 au ya 1.2 kwa utiifu uleule na kukuletea msitu uliojaa au msitu mtupu.

Wapo waliolitambua hili mapema wakaamua kupima kwanza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, François Malaisse na wenzake wa chuo kikuu cha hapa walikaa katika miombo ya Luiswishi, si mbali na mji, wakipima majani yanayoanguka, moto, viwavi, uyoga, udongo, mwaka hadi mwaka. Kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu kujipatia chakula katika miombo kinatokana na uvumilivu wa aina hiyo. Kazi za namna hiyo hazina jina la kuvutia na wafadhili huzichoka. Lakini bila hizo mlinganyo wowote wa miombo ni nguo iliyoshonwa bila kumpima mvaaji.

Ila namna ya kuzitenganisha hesabu zinazofanana ipo, na inajulikana: uvuruge mfumo, uone unarudi vipi. Milinganyo inayotoa picha ileile wakati wa utulivu mara nyingi huachana ukiing'oa sehemu moja. Nani atang'oa kichuguu cha mita za ujazo 295 kwa ajili ya sayansi? Hakuna haja ya kumtafuta. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Lubumbashi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na udongo unaopendwa na wafyatua matofali ni huu wa vichuguu, kwa kuwa umechekechwa na una mfinyanzi wa kushika. Vijana wanakianza kwa ubavu, kwa sepeto na sururu. Ukuta mgumu wa nje unatoka, kisha vinaonekana vyumba, kisha sega za kuvu zenye rangi ya kijivu, laini, ambazo mchwa walikuwa wakizilima gizani. Mchanganyiko unakanyagwa, unatiwa kalibu, tanuru linapangwa hapohapo. Baada ya misimu kadhaa pamebaki shimo na nyumba imesimama pembeni yake.

Jaribio limekwisha kufanyika, na linafanyika kila kiangazi. Kinachokosekana ni utabiri ulioandikwa kabla. Ikiwa ushindani ni wa leo, pengo hilo ni nafasi wazi: ndani ya miaka michache makundi machanga yataonekana humo, tena karibu na katikati, mbali na majirani wote, na ukipima upya kwa kanuni ya Clark na Evans mpangilio utakuwa umejirekebisha. Ikiwa mpangilio ni urithi wa zamani, pengo litabaki pengo, au vichuguu vipya vitaota popote bila kujali majirani. Na ikiwa kilichoamua tangu mwanzo ni maji na mfinyanzi wa chini, wapya watarudi kwenye shimo lilelile, au ukingoni mwake. Milinganyo mitatu iliyokuwa ikitoa picha moja sasa inatoa picha tatu.

Vipimo vinavyohitajika si vya gharama. Picha za setilaiti za mwisho wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, zinaonyesha vichuguu vikubwa waziwazi, na tofauti ya mwaka hadi mwaka inaonyesha kipi kimeondoka. Kitu ambacho setilaiti haiwezi ni kuona ndani, na hapo mfyatua matofali anajua zaidi ya sisi wote, kwa maana yeye ndiye anayefungua chumba cha katikati. Kichuguu kilichokuwa kitupu kikiondolewa hakiondoi mshindani yeyote, na pengo lake halithibitishi wala halikanushi ushindani. Kwa hiyo daftari la jaribio hili liwe na safu nne tu: viwianishi, mwaka wa kuchimbwa, urefu kabla ya kuchimbwa, na kama malkia alikuwamo.